Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa wilaya yetu

YAH: CHUMBA CHA TIBA YA WAGONJWA WA AKILI ULICHOTUAHIDI

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizifikisha masjala kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri huo ndio jibu pekee nililowahi kupata.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu, anayeishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwa mwaka wa 9 sasa, alinusurika kupigwa sokoni Mwanjelwa. Nilimtuma nyanya, vitunguu na mafuta ya kupikia. Alipofika kwenye meza ya nyanya akasahau alichotumwa, akabaki amesimama akijaribu kukumbuka, hadi mama mmoja akaukumbatia mkoba wake na kijana mmoja akapaza sauti: "Mwizi!". Aliokolewa na muuza nyanya anayemfahamu. Alirudi na shati lililochanika, pesa yote ikiwa ngumini, akiniomba msamaha.

Sindano yake ya kila mwezi hakosi, na wauguzi nawashukuru. Sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza. Lakini dawa, kama alivyonieleza daktari, hairudishi umakini, kumbukumbu wala uwezo wa kupanga kazi, na kwa kukosa hayo aliondolewa kwenye karakana ya useremala. Anapima ubao, anasoma sentimita 62, anageuka kuchukua msumeno, namba imepotea. Anapima upya, anageuka, imepotea tena. Siku nilipomwelekeza aiandike kwa penseli juu ya ubao na kuitamka kwa sauti kabla ya kugeuka, alikata mbao nne bila kukosea. Baadaye nikajua kwamba jambo nililolibahatisha ni tiba ya mazoezi ya akili (kwa Kiingereza cognitive remediation) yenye wataalamu wake, ambao humwanzisha mgonjwa na kazi nyepesi, hata za karatasi na kalamu, wakaongeza ugumu kidogo kidogo huku wakimsaidia agundue mbinu zinazomfaa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliojumuisha tafiti 130, ulionyesha kwamba mazoezi hayo huleta nafuu ya kiasi, na kwamba hufaa zaidi yakienda pamoja na huduma nyingine za utengamao, yaani za kumrudisha mgonjwa kwenye maisha ya kawaida.

Haya si mageni kwako, Mheshimiwa, kwa kuwa ndiwe uliyesimama mbele yetu Oktoba 10 mwaka juzi, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ukatuahidi chumba na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayemsaidia mgonjwa kumudu tena shughuli za kila siku, "katika mwaka wa fedha ujao". Tulipiga makofi. Mwaka huo wa fedha umekwisha na mwingine umeanza, na chumba, nilipochungulia dirishani, kimejaa vitanda vibovu na mabango ya sherehe ile ile. Labda bajeti ilikatwa. Labda, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, wagonjwa wetu hawana wa kuwapigia kelele panapostahili.

Sidai kompyuta za mazoezi hayo. Mtaalamu tutamsubiri, maana kusubiri tumekuzoea. Naomba vitanda vitolewe na muuguzi mmoja apelekwe kujifunza kazi hii, wagonjwa wakutane hata Alhamisi moja kwa wiki. Yote hayo yakishindikana, naomba ufunguo. Meza nitaileta mimi. Mdogo wangu ameshaanza kuitengeneza, na vipimo vimeandikwa kwa penseli kwenye kila ubao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dada wa mgonjwa, Mbeya