Asante, fundi wa mabawa ya majoka

Shukrani za dhati kwako usiyejitaja jina, uliyetuelekeza sisi wakusanyaji wa sanamu ndogo namna ya kuunga bawa lililokatika la sanamu ya joka ya resini (plastiki ngumu ya kumimina). Gundi peke yake haitoshi, maana bawa ni zito na kiungo chake chembamba. Toboa tundu la milimita 1, kina milimita 5 hivi, upande wa mwili. Weka tone la rangi mbichi mdomoni mwa tundu, gusisha bawa, alama ikuonyeshe pa kutoboa upande wa bawa. Hilo la rangi limetukosha mno! Bila hilo matundu hayatazamani na bawa hukaa upande. Kisha ingiza waya wa shaba, paka gundi ya epoksi, egemeza bawa mpaka ikauke kabisa. Ubarikiwe sana.