Barua kwa Mwanaisha: nani apangaye majina?

München, 19 Novemba 2023

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu sana wewe na watoto, na shikamoo yangu imfikie mama. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye treni, nikacheka na kukasirika kwa pamoja. Yaani kampeni nzima ya 2022 umepikia watu, umekodi viti, umezunguka wadi na kanga ya chama, halafu orodha ya wateule wa bunge la kaunti, wale wanaopewa viti na chama bila kupigiwa kura, inatoka jina lako liko mkiani! Na juu yako watu ambao hata mkutano mmoja hawakuhudhuria. Umeniuliza kama na huku vyama vina mambo hayo. Kaa kitako nikusimulie.

Tarehe 8 Oktoba watu wa Bavaria, jimbo ninamoishi huku Ujerumani, walichagua bunge la jimbo lao, Landtag. Mimi sipigi kura, paspoti yangu bado ni ya Kenya, lakini kura huku zinahesabiwa hadharani na yeyote anaruhusiwa kuingia kutazama. Nikafuatana na mume wangu hadi shule ya mtaani kwetu. Mwenzangu, hizo karatasi! Kila mpiga kura hupewa mbili. Moja ndogo, ya kumchagua mbunge wa eneo. Ya pili ukiikunjua ni kitambaa cha meza: majina ya wagombea wa kila chama katika mkoa mzima, safu kwa safu.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Katika uchaguzi wa bunge la taifa, Ujerumani hufanya kama kwetu: chama kilivyopanga orodha, ndivyo watu wanavyoingia. Bavaria sivyo. Chama hupanga majina, lakini mpiga kura hutia alama kwenye jina analolitaka mwenyewe, hata likiwa la ishirini. Kisha kura za mgombea kwenye orodha hujumlishwa na alizopata katika eneo lake, na foleni inapangwa upya. Aliyetupwa chini akipendwa na watu, anapanda. Aliyewekwa juu kwa hisani ya wakubwa anaweza kuteremshwa. Na hata viti vya chama huhesabiwa kwa kura za karatasi zote mbili, kwa hiyo mgombea aliyeangushwa kwenye eneo lake bado amekichumia chama.

Usidhani ni pepo, lakini. Nilivyoona usiku ule wa kuhesabu, wengi walitia alama jina la kwanza wakaenda zao. Na kuna kioja kingine. Chama kikubwa hapa ni CSU, hakigombei popote nje ya Bavaria, na kimeongoza serikali ya jimbo mfululizo tangu 1957. Mwaka 2003 kilipata asilimia 60.7; safari hii 37.0 tu. Hata hivyo kilishinda maeneo 85 kati ya 91, na viti vyake 85 vyote vimetoka huko. Orodha yake haikumwingiza hata mtu mmoja! Ili vyama vingine visipunjike, bunge la viti 180 likavimba kufikia 203.

Mwaka 2018 mambo yalikuwa hayo hayo, na aliyeumia ni Barbara Stamm, spika wa bunge lenyewe tangu 2008. Aliwekwa kinara wa orodha ya CSU mkoa wa Unterfranken. Chama kikaongoza, yeye akabaki nje, kwa sababu maeneo yalikwisha kumaliza viti vya chama. Kwa hiyo hata kuwa juu kabisa si dhamana, shoga.

Wengine nisikuchoshe: Freie Wähler, chama cha Hubert Aiwanger, kimepata asilimia 15.8 na kimeingia tena serikalini na Markus Söder wa CSU, waziri mkuu wa jimbo; AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, 14.6, jambo ambalo sisi wageni hatulichukulii kimchezo, Kijani 14.4, SPD 8.4. FDP walipata 3.0, na chini ya asilimia 5 huingii.

Wewe ukitaka langu, achana na kusubiri orodha. Wadi yako inakujua kuliko wanavyokujua hao wa ofisini. 2027 ingia mchujo mwenyewe, na wakikunyima tiketi, simama kama mgombea huru. Ukiamua niambie mapema, nitachangia mabango. Ila kucheza mbele ya lori la kampeni, hapo usinitegemee.

Wako,
Rukia