Barua ya wazi kwa wapiga dramu vijana wa Bagamoyo

Assalaam aleikum wanangu, wa Dunda, wa Magomeni, wa Nianjema, na nyie mliotoka mikoani mkaja kusoma sanaa hapa kwetu. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Naandika kwa sababu ya lile swali mnaloniuliza kila tukikutana nje ya ukumbi baada ya shoo, kwamba mzee mbona fulani ndo anaitwa na kila bendi, leo yuko na watu wa jazi, kesho yuko harusini na bendi ya dansi, keshokutwa unamkuta na watu wa ngoma za asili, na wakati hapahapa mjini kuna vijana wanamzidi spidi mbali kabisa. Jibu lake ni refu, ndo mana nimeona niliandike mlisome wote. Mimi ni mpiga besi, maisha yangu yote jukwaani nimesimama pembeni ya hai-hati, zile simbali mbili za dramu zinazogonganishwa kwa mguu, kwahiyo ninayoyasema hapa ni maneno ya upande wetu, sisi wa besi, wa kinanda, wa gita, wapuliza tarumbeta na saksafoni, yale tunayoongea wenyewe kwenye gari tukirudi nyumbani na mpiga dramu hayupo.

Nitaongelea zaidi mpiga dramu wa jazi fyusheni mana video mnazotumiana ni za hao, na mna haki ya kuwapenda, ule muziki unamdai mtu mmoja vitu vingi sana. Ulianza kukolea huko Marekani mwishoni mwa miaka ya sitini, watu wa jazi waliposhika gita na vinanda vya umeme wakaingiza mapigo ya roki na fanki ndani ya ujuzi wao wa zamani, na mzigo mkubwa ukamwangukia aliyekaa nyuma ya dramu. Mchukueni Tony Williams. Aliingia bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, kiki yake, ile ngoma ya kupigwa kwa mguu, ndogo ya inchi 18, akipiga kitu chepesi kinachoelea. Mwaka 1969 akaanzisha kundi lake mwenyewe, Lifetime, muziki wa sauti kubwa na magita yananguruma, na miaka iliyofuata akawa anakalia kiki ya inchi 24. Sasa sikilizeni kazi za vipindi vyote viwili, moja baada ya nyingine, mfuateni mkono wake wa kulia kwenye simbali tu msisikilize kingine. Mtu ni yuleyule! Kila kitu kimebadilika, yeye hajapotea. Hicho ndo tunachokipenda sisi, mtu anaweza kwenda kote huko, na ukimsikia kupitia ukutani bado unamjua ni nani.

Lakini huko ni mwisho wa safari, mtu haanzii hapo. Anaanzia kwenye kusikiliza, na hapa naomba mnivumilie mana ndo penyewe.

Kuna kijana mmoja wa hapahapa, jina namhifadhia, siku moja tulikuwa mazoezini tunaandaa kazi na mpiga ilimba, ile ala ya vyuma vya kubonyezwa kwa vidole gumba, mzee mwenye mikono laini, anapiga zile za Kigogo ambazo watu wa Bagamoyo tumezizoea tangu enzi za marehemu Hukwe Zawose. Ilimba ikiwa haina maiki ya maana inamezwa na chochote. Tumeanza, besi ipo, gita lipo, dramu ipo, ilimba haisikiki. Hakuna aliyesema neno. Yule kijana akasimamisha mkono mmoja, akazima waya za sneya, ile ngoma ndogo ya katikati, akachukua taulo lake la jasho akalitandika juu ya sneya, stiki akaziweka sakafuni akaanza kupiga kwa vidole, kiki akawa anaigusa tu. Mapigo yaleyale, taimu ileile, ila sauti imeshuka mpaka ukasikia vile vyuma vya ilimba vikitetemeka kimoja kimoja. Mpiga gita akapunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa, na mimi nikapunguza. Yaani mtu mmoja ameweka sawa bendi nzima na hakuongea. Mzee wa ilimba aligeuka akamwangalia, na tangu siku ile akialikwa popote anauliza kwanza kama yule kijana yupo.

Sasa mnaelewa kwanini simu yake inaita.

Wengi wenu sauti yenu ni moja tu, ya juu, na mkiambiwa mpunguze mnapunguza na nguvu pia, mdundo unakufa. Kupiga pole huku mdundo uko imara ni kazi ngumu kuliko kupiga kwa kishindo, muulizeni yeyote aliyewahi kupiga wageni wakiwa wanakula kwenye zile hoteli za ufukweni. Jifunzeni brashi, zile fagio za waya zinazoshikwa badala ya stiki. Najua brashi hapa mjini ni za kutafuta, azimaneni, jozi moja inaweza kuzunguka watu watatu.

Na kusikiliza sio kwa muziki wa taratibu tu. Mwaka 1969 huohuo Miles Davis aliingia studio New York akiwa na wapiga dramu wawili kwa mpigo, Jack DeJohnette na Lenny White, huyu wa pili akiwa kijana wa miaka 19, na juu yao kuna wapiga ngoma na vikorokoro vingine. Hebu fikirieni mngewekwa wawili hapo kati yenu nani angekubali kumwachia mwenzie nafasi. Wale waliachiana, mmoja akishika mdundo mwingine anapaka rangi pembeni, na muziki ukawa mzito bila kuwa kelele.

Jambo lingine tunalolisemaga sana kwenye gari ni lafudhi. Kila mtindo una lafudhi yake na mpiga dramu anayejua mingi anaongea kila mmoja kama amezaliwa nao, sio kwamba amejifunza pateni mbili za samba na mbili za fanki akawa anazibandika. Swingi ina vile inavyolala kwenye simbali, fanki inataka sneya ikae nyuma kidogo, sebene nayo sneya ndo inayowachokoza wachezaji mpaka wainuke vitini, ukiibeba sneya ya fanki ukaipeleka kwenye sebene watu wanabaki wamekaa na wewe unashangaa mbona hawachezi. Omar Hakim mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa na bendi ya Weather Report, fyusheni yenyewe kabisa, na kipindi hichohicho amerekodi na David Bowie, na Dire Straits, na Sting. Kote huko ukimsikiliza hasikiki kama mtu wa fyusheni aliyekuja kutalii kwenye pop, anasikika yuko nyumbani. Steve Gadd nae, huyu amekulia kwenye ngoma za gwaride na baadae akapiga bendi ya jeshi la Marekani, alafu mwaka 1975 kwenye wimbo mmoja wa Paul Simon akapiga sneya ya gwaride kwa upole wa ajabu hadi leo kila anayejifunza dramu duniani anautafuta ule mdundo. Amechukua kitu cha uwanja wa paredi akakifanya cha chumbani. Huo ndo upana tunaousema, unachukua ulichokulia nacho unakipeleka mahali ambapo hakuna aliyekitarajia.

Na nyie mmekulia na nini? Hapa nasema kwa uchungu kidogo. Mmekaa Bagamoyo, mji ambao Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, siku hizi ni TaSUBa ila sisi wazee ulimi umezoea jina la zamani, mna walimu wa ngoma wa kila kabila, mdundiko unapita barabarani kwenu mnauangalia kwa simu, msondo mnauona unaoteshwa moto kabla haujapigwa, alafu mnakaa usiku kucha mnahangaika na video ya mtu wa Los Angeles kuelewa tatu dhidi ya mbili, mapigo matatu yanayokwenda pamoja na mawili! Tatu dhidi ya mbili mnazo tangu mgongoni mwa mama. Nendeni mkakae na mpiga msondo jioni nzima, mwombeni awaache mshike ile ngoma ndogo isiyobadilika, mkae nayo hadi mikono iwake. Mkitoka hapo pelekeni kwenye dramu, mguu wa kulia ushike moja, hai-hati ishike nyingine. Tony Allen wa Nigeria alifanya hivohivo kwa upande wake, akiwasikiliza wapiga dramu wa jazi kina Max Roach na Art Blakey kwenye rekodi huku highlife na mapigo ya kwao yako mikononi, akakaa na Fela Kuti wakatoa afrobiti, na wapiga dramu wa Ulaya na Marekani wakawa wanamfuata yeye kujifunza. Hakuacha cha kwao ili apate cha jazi. Kwenye fyusheni, mtu asiye na cha kwao hana cha kuchanganya.

Turudi kwenye mahesabu mana najua mnayapenda. Fyusheni ina taimu za ajabu, yaani mzunguko mmoja una mapigo saba, tano, kumi na moja, Billy Cobham na Mahavishnu Orchestra walizipiga kwa spidi ya kutisha miaka ya mwanzo ya sabini. Kuzipiga ni vizuri. Ila sisi tulio pembeni tunaangalia kitu kingine, tunaangalia utafanya nini mwenzako akipotea. Tulikuwa tunapiga wimbo wa taimu ya saba, ile ya moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu, mpapasa kinanda ameingia solo, amenogewa, mara nikamsikia ametoka nje ya mstari, moja yake, lile pigo la kuanzia mzunguko, sio moja yetu. Kuna wapiga dramu hapo wangemkazia macho, wengine wangeongeza manjonjo waonekane wao hawajapotea. Huyu wetu alifanya kinyume, akatupa manjonjo yote, akabaki na mdundo mtupu, na kila moja ikifika anaiwekea kiki na simbali kidogo, laini, mizunguko miwili tu. Mwenzie akaisikia, akarukia, solo ikaendelea na waliokaa mbele wakapiga makofi wakidhani ilipangwa. Baada ya shoo yule wa kinanda hakumsifia taimu wala spidi, alimnunulia soda akamwambia asante. Sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa mpiga dramu siijui.

Ili uweze hayo lazima uujue wimbo wenyewe, sio mapigo yake tu. DeJohnette niliyemtaja hapo juu alianza na piano kabla hajakaa kwenye dramu, na unasikia kabisa anajua kodi, zile sauti zinazopigwa pamoja, inaelekea wapi, anaisindikiza. Kinanda mnacho pale chuoni, na makanisani vipo, ombeni mfundishwe hata kodi nne, na mkifanya mazoezi imbeni melodi kimoyomoyo huku mnapiga. Mpiga dramu anayeimba kimoyomoyo hata feli zake, yale mapigo ya kujazia nafasi, zinaishia panapotakiwa, hafungi mlango wakati mwimbaji bado yuko kwenye sentensi.

Mitronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo kwa dakika, wekeni 50, msiweke 180. Piga mdundo rahisi kabisa kwa dakika kumi bila kukimbia na bila kuchelewa. Mkiona ni rahisi basi hamjasikiliza vizuri, nafasi kati ya pigo na pigo pale ni kubwa na mtu anatamani kuijaza. Peter Erskine alipoingia Weather Report mwaka 1978 alitokea kwenye bendi kubwa za tarumbeta, mtu wa nguvu, lakini kadri miaka ilivyokwenda akawa anatoa tu, anapunguza, anaacha pigo moja likae peke yake, na wanamuziki wanampigania.

Kusoma nota, jifunzeni, nadhani hilo halihitaji hotuba, mtu akija na karatasi na shoo ni kesho yake, anayesoma ndo anayechukuliwa. Kufika mapema pia, mana dramu ndo inafungwa ya kwanza na kufunguliwa ya mwisho. Na masikio yenu yazibeni mazoezini, vizibo vya povu ni bei rahisi kuliko yanayowakuta wanaopuuza, nina rafiki zangu wa rika langu ambao leo mlio hauwatoki masikioni usiku na mchana.

Kuhusu solo. Simkatazi mtu solo, nikiwa jukwaani nafurahi mwenzangu akipewa dakika zake. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nimeona vijana wazuri sana walioshangiliwa solo moja tu tamasha fulani na tangu hapo kila wimbo wakawa wanausubiri ufike kwenye solo, huku katikati wanapiga kwa kulipua tu. Sisi wenzao tunalijua hilo tangu mzunguko wa kwanza. Solo nzuri ya dramu ni ile ambayo wimbo bado uko ndani yake, mimi niliyesimama na besi yangu najua tuko wapi na najua wapi pa kurudi bila kuhesabu kwa vidole.

Basi nimepanga hivi. Kuanzia wiki ijayo, Jumanne na Alhamisi baada ya laasiri, nitakuwa nyumbani na besi yangu. Njooni wawili wawili, msije peke yenu, mmoja apige na mwingine akae pembeni yangu asikilize kutokea ninaposikilizia mimi, alafu mbadilishane. Dramu msibebe, leteni sneya moja, hai-hati, na brashi kwa mwenye nazo. Mpiga msondo mmoja nimeshaongea nae, amekubali kuja Alhamisi, yeye mleteeni nauli.