Salamu za Sikukuu ya Muungano, na Udongo wa Bibi

Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, assalaam aleikum. Wazazi wangu, ndugu, jamaa na marafiki, wa bara na visiwani, nanyi mlio ng'ambo ya mpaka: poleni na majukumu, na heri ya Sikukuu ya Muungano. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha Aprili 26 nyingine. Walio wagonjwa awape nafuu, wanafunzi awape wepesi, na wenye biashara awafungulie riziki, maana mwaka huu umetubana. Nauli imepanda, mafuta ya kula yamepanda, na sufuria ya leo wengi tumeipunguza kimyakimya ili watoto wasijue.

Mimi naiadhimisha siku hii bila mama. Tulimzika Novemba hapa Moshi, ubavuni mwa baba. Mliofika na mliotuma rambirambi, asanteni sana. Sina cha kuwalipa.

Kila mwaka siku kama ya leo, ikitokea ile picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, mama alikuwa akiuliza, "Na wa kwetu je?" Kwao ni Voi, Kenya. Ni Mtaita aliyeolewa na fundi wa reli wakati Shirika la Reli likiwa moja kwa nchi tatu, akapanda treni Voi, akashuka Moshi, basi. Hakujiona kaolewa nchi ya watu. Kisha ukaja mwaka 1977. Februari mpaka ukafungwa, na mwaka haukuisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikawa imekufa. Na tuseme kweli hata kama ni sikukuu: waliofunga mpaka ni sisi. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983.

Katikati ya miaka hiyo bibi alifariki kule Voi. Barua ilitufikia matanga yameshaondolewa siku nyingi. Nilikuwa mdogo, lakini naiona hadi leo: mama aliisoma amesimama mlangoni, mikono bado ina povu la sabuni, akaikunja mara mbili, akaitia kifuani, akarudi kwenye beseni kumalizia nguo. Alianza kulia alipofika kwenye mashati ya baba.

Ndiyo maana mjadala wa Afrika moja kwangu si mada ya semina. Mnaujua. Mei 1963 pale Addis Ababa nchi 32 zilitia saini mkataba wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nkrumah, rais wa Ghana, alikuwa akitaka serikali moja ya bara, ulinzi mmoja, sarafu moja, na alitaka ianze sasa. Wengi wakasema twende hatua kwa hatua, kila mtu na nchi yake kwanza. Julai 1964 kule Cairo yeye na Mwalimu wakavutana waziwazi, na mkutano huohuo ukapitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Muungano wetu ulikuwa na miezi mitatu tu.

Mimi ni mtu wa Mwalimu, sifichi. Huyu ndiye aliyekuwa tayari mwaka 1960 kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tuungane na Kenya na Uganda tupate uhuru pamoja. Juni 5, 1963 yeye, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba shirikisho lingekuwepo kabla mwaka kwisha. Halikuwepo. Kwa hiyo aliposema hatua kwa hatua, yeye alikuwa anatembea kweli. Sisi tuliobaki tumezigeuza hatua zile kuwa viti, tumekaa. Julai 2007 wakuu wa nchi walikutana Accra kujadili serikali ya muungano wa Afrika, na hoja zikawa zilezile za 1963, karibu neno kwa neno, ila wasemaji tu wapya.

Na Mwalimu mwenyewe alilikiri hili. Machi 1997 alikwenda Accra Ghana ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, mjini kwa Nkrumah, akaeleza kwamba ukishazidisha bendera, nyimbo za taifa, viti vya Umoja wa Mataifa na mizinga 21 ya heshima, umeshatengeneza jeshi zima la watu wenye masilahi katika utengano. Huo ndio ugonjwa, ndugu zangu. Kila mwaka unaopita, wanaokula kwa mgongo wa mpaka wanaongezeka.

Basi tusidanganyane kwa hotuba. Itifaki ya Waafrika kusafiri huru ndani ya bara lao ilipitishwa mwaka 2018, inahitaji nchi 15 tu kuiridhia ianze kazi, na hazijapatikana. Tunataka rais mmoja wa bara, na hatujakubaliana juu ya mtu kwenda msibani! Wewe unayemwita jirani yako mgeni sokoni, wewe unayeshangilia lori la vitunguu vya wenzetu likizuiwa kwa sababu leo ni zamu yetu kulipiza, wewe kijana unayetukana taifa zima kwa sababu ya mpira: acha. Wafundisheni watoto kwamba Voi ni kwa bibi yao kabla haijawa nje ya nchi. Viongozi nao tuwaulize kila uchaguzi, wameridhia nini, lini, na kama bado, kwa nini. Tusiwachoke kuwauliza.

Novemba, tukimsubiri mama atoke mochwari, mjomba alichota udongo kwenye kaburi la bibi, akautia kwenye kopo ili ulale na binti yake. Mpakani akaulizwa kilichomo. Akaambiwa udongo hauvuki bila kibali. Sheria za magonjwa ya mimea nazielewa, na kijana aliyemzuia alikuwa kazini. Lakini mjomba ana miaka 78, na aliumwaga pale kando ya barabara kwa mikono yake, akaja kwetu na kopo tupu. "Watu tumevuka," alisema, "mchanga umekataliwa." Tukamzika mama bila huo udongo.

Nawatakia nyote sikukuu njema, yenye amani, upendo na mshikamano. Mungu atubariki, aubariki Muungano wetu, aibariki Afrika. Wa Voi, nisalimieni wote nyumbani. Jana mjomba amenipigia: ameshachota mwingine, kopo liko dirishani, na anataka nimuulizie hicho kibali kinaombwa wapi. Jumatatu ofisi zikifunguliwa nakwenda.