Kabla hujavunja vyungu

Hamisi ndugu yangu,

Salaam aleikum. Sisi wazima, ila mvua imetuchosha. Barua yako Shaban alinifikishia, nikaisoma nikaikunja nikabaki kimya. Unaacha kazi, unauza kiwanja cha Chanika, pesa yote iingie kwenye kontena la vipuri kutoka Guangzhou, halafu unanipigia msemo wa Kichina: vunja vyungu, zamisha mashua, yaani jikatie njia ya kurudi! Ndiyo uliyoyapata kwenye yale masomo ya jioni?

Basi nikamtafuta huyo Xiang Yu wako, jemadari wa kale wa China aliyetuachia msemo huo. Mwaka 207 KK jeshi la dola la Qin limeuzingira mji wa Julu. Jemadari Song Yi, aliyetumwa kuuokoa, amewakalisha askari siku 46 njiani, wanalowa na kushinda njaa, mwenyewe yuko karamuni. Xiang Yu, msaidizi wake, akamuua, akashika jeshi. (Bosi wako mwache hai, tafadhali.) Akavuka mto, akazamisha mashua, akavunja vyungu, akachoma vibanda, kila askari na chakula cha siku tatu. Wakashinda. Wasimuliaji wengi hukomea hapo, nawe umekomea hapohapo.

Lakini Sima Qian, aliyeandika habari hizi, anasema Xiang Yu alikuwa ametanguliza watu 20,000 ng'ambo ya mto. Wakapigana, wakafanikiwa kidogo, ndipo akavuka na jeshi lote. Alijaribu kwanza, Hamisi! Hao 20,000 wako wako wapi? Hujauza hata plagi moja.

Na mwaka 202 KK, mpinzani wake Liu Bang alipomshinda, Xiang Yu alikimbia hadi mto Wu. Mwenye mashua akamwambia panda nikuvushe. Akakataa, akafia pale. Sisemi kwamba wewe... aa, tuyaache. Ila Mama Rehema asijue kwamba nimekuandikia.

Biashara sikukatazi, mbona hata mimi ningependa. Ni kile kiwanja. Agiza katoni chache, zipite bandarini, uone zinavyotoka dukani, kisha ukitaka kuvunja vyungu nitakuja na nyundo yangu.

Mkeo anajua? Dalali ameshakupa advansi? Huyo wa Guangzhou mmewahi kuonana, au ni sauti ya simu tu? Ushuru umeupigia hesabu? Na ada za watoto za Januari ziko ndani ya hizo siku tatu, au nje? Mpe Shaban majibu, anarudi huku Ijumaa.

Wako,
Juma