Makosa ya mitupo huru yapulizwe tangu robo ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa michezo nieleze jambo linaloniudhi kila ninapotazama mpira wa kikapu. Ni jinsi marefa wanavyoshughulikia makosa ya wachezaji waliojipanga kugombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, wakati wa mitupo huru, ile inayorushwa bila kuzuiwa baada ya faulo. Robo tatu nzima watu wanawahi kuingia kabla mpira haujarushwa na hakuna anayeulizwa. Zikibaki sekunde chache, timu zinafukuzana kwa pointi moja, ghafla kipenga kinalia kwa kosa lile lile lililokuwa likiachwa tangu mwanzo. Anayeadhibiwa hapo ana haki ya kulalamika, hata kama kweli amekosea.

Kanuni yenyewe haina utata. Kwa utaratibu wa FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, wanaojipanga pembeni mwa eneo la chini ya kikapu hawazidi watano: watatu wa timu inayojilinda na wawili wa timu ya mtupaji. Hakuna anayeruhusiwa kutoka kwenye nafasi yake kabla mpira haujatoka mkononi mwa mtupaji. Mtupaji naye ana sekunde 5 tangu akabidhiwe mpira, na hatakiwi kukanyaga mstari ulio mbele yake mpaka mpira uguse ringi au uingie. Wanaotazama NBA, ligi ya Marekani, wamezoea sekunde 10, ndiyo maana wengine hudhani refa ameonea.

Tatizo kubwa liko kwenye adhabu, kwa sababu inategemea mpira umeingia au umekosa. Ukiingia, kosa la yeyote asiye mtupaji halihesabiwi, pointi inabaki. Kwa hiyo zile kelele za jukwaani za "amewahi, amewahi!" hazina msingi mpira ukishatumbukia. Ukikosa, na aliyewahi ni wa timu inayojilinda, mtupaji anapewa mtupo mwingine. Aliyewahi akiwa mwenzake mtupaji, na huo ni mtupo wa mwisho, wapinzani wanapewa mpira waurushe kutoka pembeni. Wakiwahi wa pande zote mbili, mshale wa pale mezani, unaoonyesha zamu ya kupewa mpira ni ya timu gani, ndio unaoamua. Mtupaji mwenyewe akikosea, pointi yake inafutwa. Refa asiyekuwa na haya yote kichwani kabla ya kutoa mpira atababaika, na akibabaika ataona heri anyamaze.

Tena wengi wanasema nusu hatua ni jambo dogo, lisikatishe mchezo. Sikubaliani nao hata kidogo. Hebu angalieni miguu badala ya mpira. Mlinzi aliye karibu kabisa na kikapu tayari ncha ya kiatu imevuka mstari, na mpira bado uko juu ya paji la uso la mtupaji. Mpira unapogonga ringi, yeye ameshakaa mbele, makalio nyuma, mikono imetanda. Mpinzani aliyesubiri kihalali anakutana na mgongo. Anajaribu kupita, anagusa, kipenga: faulo ya kusukuma! Aliyevunja kanuni amepata mpira, na aliyeifuata ameandikiwa faulo. Refa anaweza kuwa sahihi kabisa kwenye hiyo faulo, lakini mzizi wake ni kosa aliloliacha lipite nusu sekunde kabla.

Naamini marefa wengi hawafanyi hivi kwa upendeleo. Macho ya binadamu hufuata mpira, na mpira ukiwa hewani ni vigumu kuyarudisha chini. Lakini ndiyo sababu wanagawana kazi. Aliye chini ya kikapu anatakiwa atazame safu iliyo upande wa pili, na mwenzake amwangalie mtupaji na kuhesabu sekunde. Wote wawili wakikodolea ringi, hakuna aliyebaki kutazama miguu. Mpira kuingia au kutoingia kila mtu ukumbini atauona.

Kuna makosa mengine ambayo refa anayazaa mwenyewe. Anatoa mpira wakati wachezaji bado wanasukumana kutafuta nafasi. Au haonyeshi vidole wala hasemi imebaki mitupo mingapi, basi kijana anarukia ribaundi kwenye mtupo wa kwanza kati ya miwili. Kusema "miwili" kwa sauti ya kusikika hakupotezi muda wowote.

Ninachoomba si kipenga kila mara. Refa awaambie manahodha kabla ya mechi kwamba kuwahi kutapulizwa. Kisha anayewahi kwenye robo ya kwanza, na mtupo ukakosa, apulizwe hapo hapo, bila kujali timu inaongoza kwa pointi ngapi. Wachezaji ni wepisi wa kusoma refa. Wakishaona mtupo mmoja umerudiwa mapema, wengi watatulia visigino chini hadi mwisho wa mchezo.

Na makocha nao waache kuwafundisha vijana kuvizia bega la mtupaji ili waondoke mapema. Wawafundishe kutazama mpira unapotoka mkononi, kisha kumziba mpinzani kwa mwili. Mchezaji aliyezoea hivyo mazoezini anapata ribaundi yake hata refa akiwa mkali kiasi gani.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa mpira wa kikapu