Barua kwa mwanangu: kwa nini nimekubali mionzi

Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, mkwe wangu na mjukuu wangu huko Mwanza. Uliniuliza kwenye simu kwamba, ikiwa saratani yangu ya titi imekutwa ndani ya mirija ya maziwa tu bila kupenya nje yake, na sehemu yenye ugonjwa imeshaondolewa na kingo zake zikaonekana safi, mionzi ni ya nini tena. Umeuliza swali la haki, na ndilo nililomuuliza daktari kabla sijatia sahihi.

Mirija ya titi ina matawi mengi, na chembe chache za ugonjwa zinaweza kubaki mahali ambapo kisu wala darubini havikufika. Mwaka 2010 watafiti walijumlisha matokeo ya tafiti nne zenye wanawake 3,729: kati ya waliofanyiwa upasuaji pekee, ndani ya miaka 10 ugonjwa ulirudi katika titi lile lile kwa takriban 28 katika kila 100, lakini kwa waliopata mionzi ulirudi kwa takriban 13. Tena unaporudi, karibu nusu ya mara huwa ni saratani inayopenya, na hiyo ndiyo ninayoiogopa mimi. Sitakuficha kwamba katika miaka hiyo 10 mionzi haikuonekana kupunguza vifo, kwa kuwa wengi wao waliishi hata bila hiyo. Kwa hiyo mwenye eneo dogo la ugonjwa wa daraja la chini, yaani ule ambao chembe zake hukua polepole, anaweza kushauriana na daktari wake akaiacha, wala hajakosea. Ugonjwa wangu ni wa daraja la juu, ndiyo maana nimeikubali kwa moyo mmoja.

Kule hospitali ya saratani ya Ocean Road nimeshapigwa picha za kupangia tiba. Nililazwa chali mkono ukiwa juu ya kichwa, wakanitia vidoti vya wino kifuani, vidogo kama mbegu za mchicha, ili kila siku mionzi ilenge pale pale. Tiba itaendelea kwa wiki tatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Mashine yenyewe haiumi, na muda mwingi hupita katika kumweka mgonjwa sawasawa. Nimeambiwa nitarajie uchovu na ngozi ya titi kuwa nyeusi au kuwasha, kwa hiyo dodoki nimeliweka kando na ninavaa nguo za pamba zisizobana. Nywele hazitanyonyoka, maana hii si dawa ya kuzunguka mwili mzima.

Usisikilize wanaosema nitawadhuru watoto. Mionzi hii hutoka kwenye mashine na haibaki mwilini, hivyo mlete mjukuu wangu likizo nimpakate. Nawe, utakapoonana na daktari wako, mweleze ugonjwa wangu na umri niliokuwa nao ulipogundulika, ili akuambie uanze lini kupigwa picha ya matiti.

Mama yako akupendaye